Baiskeli na Malori Barabara za Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu wa baiskeli huku Malindi huulizana kila siku, kwa fundi, barazani, sokoni, na mengine yametoka kwa madereva wa malori wenyewe. Nimeyajibu kama mtu wa baiskeli ambae pia nimekaa sana na madereva nikawasikiza. Barabara yetu ni moja, inatoka Mombasa inapita Mida, Gede, Msabaha, inaingia mjini halafu inavuka mto Sabaki kwenda Mambrui, Gongoni, Marereni mpaka Garsen. Juu ya lami hio hio kuna lori la chumvi, tipa la mchanga, trela la simiti, Fuso la maembe, matatu, tuktuk, bodaboda, na sisi. Kama huna wakati wa kusoma yote basi soma majibu matatu ya kwanza, hayo ya upande wa kushoto, manake hapo ndo watu wanapokufa.

Kwani dereva wa lori hanioni? Si yuko juu kule, anaona kila kitu?

Anaona mbali, lakini karibu haoni. Hili ndo jambo moja ningependa kila mtu wa baiskeli alijue. Dereva wetu hukaa upande wa kulia, kwa hivo upande wa kushoto wa lori uko mbali na yeye, mlango ule wa kushoto uko juu sana, na chini ya dirisha lake kuna nafasi kubwa ambayo hata akinyoosha shingo haioni. Anategemea kioo tu, na kioo kinaonyesha kipande. Sasa sisi baiskeli tunakaa wapi? Kushoto. Yaani tunakaa palepale asipoona.

Sehemu nyingine ni mbele kabisa ya kichwa cha lori, ukisimama hapo karibu na bampa mtu mzima anaweza kupotea, mtoto ndo kabisa. Na nyuma ya trela, hapo hakuna kioo kinachofika, dereva anajua kuna kitu nyuma akiambiwa na tanboi, yaani msaidizi wake, au akipigiwa kelele.

Kuna njia rahisi ya kujua. Angalia kioo cha lori. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo, yeye hawezi kukuona wewe. Lakini usigeuze hio kichwa chini ukasema "nimeona uso wake basi ameniona", hapana, inawezekana macho yake yako kwenye matatu iliyomkatia mbele. Ukiona uso ujue tu kwamba ANAWEZA kukuona.

Lori limesimama kwenye foleni mjini, nafasi ya kushoto iko wazi, nipite?

Usipite. Najua inauma, umebeba mzigo, jua kali, foleni imesimama kwa sababu kuna matatu inashusha abiria na wewe una nafasi nzuri tu pale pembeni ya kupenya. Kaa nyuma ya lori, acha nafasi ya kutosha dereva akuone kwenye kioo cha kulia, subiri. Likiondoka utaondoka. Wengi waliokwisha chini ya magurudumu ya nyuma hawakugongwa kwa kasi, lori lilikuwa linatembea pole pole kabisa, limeanza kuondoka tu, na dereva hakujua mpaka aliposikia watu wanapiga mayowe.

Na kama wewe ndo ulifika kwanza ukasimama, lori likaja likasimama kando yako? Hapo usingojee. Sogea mbele mpaka dereva akuone kupitia kioo cha mbele, mita kadhaa hivi, au shuka upandishe baiskeli juu ya ukingo. Usibaki ubavuni.

Lori limewasha indiketa ya kushoto, linamaanisha nini?

Mambo matatu, na hujui ni lipi. Linaweza kuwa linakata kushoto kuingia barabara nyingine. Linaweza kuwa linatoka kando kusimama. Au, na hii kila dereva wa huku anaijua, dereva anamwambia gari la nyuma "mbele kuko wazi, nipite". Indiketa ya kulia nayo saa zingine inamaanisha "usinipite, kuna gari linakuja". Hizo ni lugha za madereva wenyewe kwa wenyewe. Wewe wa baiskeli usijaribu kutafsiri, chukulia kwamba lori linakuja kushoto, punguza, baki nyuma.

Halafu kuna lile la kushangaza, lori refu linataka kukata kushoto lakini kwanza linaenda KULIA. Watu wanaona limesogea kulia wanafikiri limewapisha, wanaingia kushoto. Linaenda kulia kwa sababu trela haifuati njia ya kichwa, magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani, kwa hivo dereva lazima achukue nafasi kubwa la sivyo trela litapanda ukingo na kuangusha kibanda cha mtu. Ile nafasi iliyofunguka pale kushoto itafungwa na trela zima. Ikiwa uko ndani yake huna pa kutokea.

Nikae wapi barabarani, pembeni kabisa ama ndani kidogo?

Hapa wengi hawatanikubali lakini nasema ninavoamini. Usikae kwenye ukingo kabisa wa lami. Lami yetu pembeni imelika, sehemu nyingine lami iko juu na mchanga uko chini, tofauti kama kiganja kizima, ukiteleza gurudumu la mbele likaingia pale, baiskeli inakutupa, na inakutupa kulia, yaani barabarani. Kaa ndani kama urefu wa mkono mmoja kutoka ukingoni. Hapo una nafasi ya kusogea kushoto lori likija, na dereva anakuona kama chombo kinachotembea barabarani si kama kitu kilichotupwa kando.

Nenda moja kwa moja. Usiwe unaingia unatoka, unaingia unatoka kwa kila shimo. Dereva akikuona unayumba hajui atakupita vipi. Shimo liangalie mapema, geuza kichwa uangalie nyuma, nyoosha mkono wa kulia, ndo usogee.

Mkiwa wawili au watatu mnarudi kazini, fuataneni mmoja nyuma ya mwenzake. Maneno yatangoja mpaka mfike.

Lakini si nishuke tu niingie mchangani kila lori likija?

Kama nafasi ya kando ni nzuri, ni tambarare, na umeona lori mapema, shuka hakuna aibu. Kuna mahali kushuka ndo akili, kwa mfano malori mawili yanakutana mbele yako na lami haitoshi watatu, hapo toka. Darajani pia, pembeni ni ukingo tu huna pa kukimbilia, kwa hivo kabla hujaingia daraja la Sabaki angalia nyuma, kama kuna lori kubwa linakuja liache livuke kwanza. Ni dakika moja hio.

Kile nakataa ni kuruka mchangani ghafla kwa sababu umesikia honi. Watu wameanguka hivo na lori halikuwa hata karibu. Na ukishatoka usirudi barabarani mara moja. Malori hufuatana, likipita la kwanza kuna la pili nyuma yake ambalo hukuliona, na dereva wa la pili amezibwa na la kwanza hajui kama uko.

Lori likinipita baiskeli inayumba mpaka naogopa. Hio ni nini?

Ni hewa. Kichwa cha lori kinasukuma hewa, kwanza unasukumwa kwenda nje, halafu lori linapopita ubavuni mpaka mwisho wa trela hewa inakuvuta ndani, kwa lori. Mtu asiyejua husukumwa, anapinga kwa kuegemea lori, halafu mvuto unakuja nae ameegemea hukohuko. Dawa yake ni kushika usukani kwa mikono yote miwili bila kuukaza, inama kidogo, acha kupiga pedali kwa nguvu, nenda sawa. Na jua ni sekunde mbili tatu tu.

Sasa ongeza upepo wetu. Ukiwa unaelekea Mambrui bahari iko kulia kwako, upepo wa bahari unakupiga kulia na wewe bila kujua umeegemea kulia kuupinga. Lori linakupita upande huohuo wa kulia, upepo unakatika ghafla kama mlango umefungwa, mwili wako unaangukia kwa lori. Likishapita upepo unarudi na kukupiga nje. Msimu wa kusi ukivuma sawasawa jambo hili lina nguvu kweli, kwa hivo ukisikia injini nyuma jiandae, nyoosha mwili kabla halijafika.

Dereva anatakiwa kuniachia nafasi gani?

Mita moja na nusu ndo kipimo kizuri. Ufaransa sheria inasema mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Kwa lori la kasi mimi ningeomba mita 2, kwa sababu ya ile hewa. Na kama nafasi haipo kwa sababu gari linakuja mbele, dereva asubiri nyuma. Kuchelewa kwa sekunde kumi hakuharibu chumvi.

Nikiona lori liko mbali naweza kukatiza mbele yake, si lina breki?

Lina breki, lakini piga hesabu. Kilomita 80 kwa saa, ambayo ndo mwisho wa gari kubwa la mizigo kisheria hapa Kenya, ni mita 22 kila sekunde. Dereva akikuona mpaka mguu ufike kwenye breki inaweza kupita sekunde moja na nusu, tayari lori limetembea mita 33 bila kupunguza chochote. Breki zenyewe ni za hewa, na hewa nayo huchukua muda kidogo kufika magurudumu ya trela. Halafu ndo lianze kusimama, mita 50 nyingine hivi ikiwa lami ni kavu na breki ni nzima. Jumla zaidi ya mita 80. Mvua ikinyesha ongeza. Na trela likibeba mzigo kamili linaweza kufika tani 50 na kitu, wewe na baiskeli na mzigo wako hamfiki hata robo tani.

Mjini, mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kwa kasi hio lori zuri linahitaji kama mita 40. Sasa fikiria mtoto anatoka duka akakatiza mita 20 mbele. Hata dereva mzuri kuliko wote hawezi kufanya kitu.

Vijana hushika lori nyuma wakipanda mwinuko, ni mbaya kweli?

Ni mbaya sana, wacheni. Huoni shimo linalokuja, dereva hajui uko, akigusa breki wewe unaingia chini. Kama una mdogo wako anafanya hivo ongea nae leo.

Nifanye nini usiku?

Taa. Nyeupe mbele nyekundu nyuma. Najua dainamo za zamani zimekufa na watu wengi hutumia tochi ya simu, lakini tochi inasaidia wewe kuona mbele tu, lori linakuja nyuma. Kama hela ni ya taa moja nunua ya nyuma. Kama hakuna hela kabisa, riflekta za fundi ni bei ndogo, weka moja nyekundu nyuma ya madgadi, na zile za pedali ni nzuri zaidi kwa sababu zinapanda zinashuka, dereva akiona kitu kinang'aa kinapanda na kushuka anajua mara moja ni baiskeli. Jaketi la riflekta la bodaboda linafaa pia. Kanzu nyeupe inasaidia karibu, lakini kwa lori la kasi nguo nyeupe pekee inaonekana wakati umeshachelewa.

Ramadhani nataka kuisema peke yake. Ile saa moja kabla ya magharibi kila mtu anakimbilia futari, dereva ana njaa na usingizi, wewe una kiu, kiza kinaingia haraka huku kwetu, hakuna jioni ndefu. Toka mapema. Ukichelewa, kunywa maji na ule tende njiani halafu uende pole. Na baada ya tarawehe watu wanarudi makundi kwa makundi bila taa hata moja, wazee wetu wamo, tuwawekee riflekta hata kama hawajaomba.

Ukipigwa na taa za full mbele, usiziangalie, angalia ukingo wa kushoto wa lami ufuate huo mpaka gari lipite.

Na jua?

Hili watu hawalifikirii. Jioni ukielekea Ganda, Kakoneni, jua linazama mbele yenu, dereva wa tipa anaeenda hukohuko anapigwa nalo usoni na kioo chake kina vumbi. Wewe unamwona vizuri kabisa ukigeuka. Yeye haoni kitu. Saa hizo chukulia hauonekani, sikiza nyuma, ukisikia lori kubwa shuka. Na toa iafoni masikioni, hata ya sikio moja, masikio ndo kioo chako cha nyuma.

Nabeba mitungi ya maji / makuti / makaa. Kuna la kufanya?

Kuna. Upana ndo unaoua, zaidi ya uzito. Makuti yakitoka nje upande wa kulia dereva anahesabu baiskeli hahesabu makuti, anapita karibu, trela inanasa ncha moja na baiskeli inazungushwa. Funga kwa urefu, au pandisha juu, na ukishindwa basi upande mpana uwe kushoto. Funga kitambaa chekundu kwenye ncha. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80, kama umebeba mtu mzima, na baiskeli yenye uzito nyuma mbele inakuwa nyepesi haitii usukani, kwa hivo sukuma kwa miguu sehemu mbaya. Mizani iwe sawa pande zote mbili, ukiuza mtungi mmoja njiani panga upya.

Mpira uliofungia mzigo uangalie kila asubuhi.

Abiria je? Nampeleka mama hospitali nyuma ya kerea.

Mkalishe vizuri, akikaa upande miguu iwe kushoto siyo upande wa magari. Leso, buibui, kanzu, vyote vikusanywe, vikiingia kwenye spoki au cheni mnaanguka palepale na kuanguka mbele ya lori ni kitu kimoja na kugongwa. Mtoto asibebwe mbele kwenye usukani ukipita barabara kuu, tafuta njia za ndani, Maweni, Barani, Kisumu Ndogo zote zina vichochoro, ni mzunguko lakini ni salama.

Breki zangu hazishiki vizuri, natumia patapata (ndala) kwenye tairi. Inatosha?

Haitoshi. Mvua ikinyesha patapata inateleza, na rimu yenyewe ikilowa hata breki nzima za fimbo zinachelewa, bonyeza mapema kidogo kidogo zikauke. Mpira wa breki ni bei ya soda. Kama unafanya kazi na hio baiskeli fundi awe rafiki yako, na ukikaa upande wa Gongoni au Marereni osha cheni na spoki kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, manake chumvi inakula chuma na cheni ikikatika katikati ya barabara hakuna wa kulaumu.

Mchanga uliomwagika na tipa ni kitu cha kuogopa?

Ndio, hasa kwenye kona na bampu. Usipige breki juu yake, usigeuze usukani. Pita umenyooka.

Mimi ni dereva wa lori. Mnataka nini kwetu?

Asante kwa kuuliza, na wengi wenu ni watu wazuri mnaotupisha kila siku. Kabla ya kuondoka mahali, angalia kioo cha kushoto mara mbili, na kama una tanboi kazi yake iwe kuangalia upande ule, achungulie dirishani si kulala. Usipige ile honi ya hewa ukiwa ubavuni mwetu, mtu anashtuka anaanguka, piga mapema, fupi, ukiwa mbali. Ukishatupita usirudi kushoto haraka, kumbuka trela yako bado inatupita. Funika mchanga na mawe. Ukiona baiskeli mbele na gari linakuja, ngoja. Na tafadhali usishike simu kutoka Msabaha mpaka mjini, hapo kuna watoto wa shule pande zote mbili asubuhi na jioni.

Huku Lamu hakuna malori, inatuhusu?

Kisiwani hapana, hapo ni punda. Lakini ukivuka Mokowe barabara ya Hindi, Mpeketoni, Witu siku hizi ni lami, na lami inaleta kasi. Malori yakitembea kwa msafara toka kabisa barabarani, ngoja la mwisho lipite. Mengine yote ni yaleyale.

Lori limenisukuma nje likaenda zake. Nifanye nini?

Shika namba. Trela lina namba mbili, ya kichwa inaanza na K na ya trela inaanza na Z, nyuma utaiona ya Z, andika hio, rangi, mzigo, saa na mahali. Usilifukuze. Peleka polisi, na kama kuna mwenye mali anajulikana mwambie pia, mwenye lori huwa anasikia zaidi akiambiwa na mtu mtulivu.

Ajali imetokea mbele yangu. Nianze wapi?

Kwanza magari mengine yasimame, mtu mmoja aende nyuma mita mia hivi na tawi la mti au leso apunge, mwingine mbele. Kama mtu yuko chini ya gurudumu dereva ASIRUDISHE lori nyuma wala asisogeze mpaka watu wajue mwili uko wapi. Usimvute majeruhi kwa mikono na miguu, shingo na mgongo vinaweza kuwa vimevunjika, na kumkunja kwenye bodaboda katikati ya watu wawili kunammaliza. Damu ikitoka kwa kasi kandamiza kwa kitambaa, usiachilie, ikilowa ongeza kingine juu. Piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu 1199. Kama gari haliji, tafuta pikapu au Probox, mlaze kwenye ubao au mlango, watu wanne wanyanyue kwa pamoja.

Dereva asipigwe. Akipigwa atakimbia, na wengine watakaogonga kesho hawatasimama.

Halafu karatasi, manake familia nyingi hupoteza haki yao hapa. Ripoti kituo cha polisi, chukua abstrakti, ile karatasi ya polisi ya ajali, ina namba za gari na bima yake. Kila gari kwa sheria lazima liwe na bima ya thaadi pati, na hio ndo ya kumlipa mtu aliegongwa, wewe wa baiskeli ukiwemo. Weka kila risiti ya hospitali, dawa, nauli. Piga picha baiskeli kabla ya fundi kuigusa. Mtu akija na bahasha msibani akataka saini, musitie saini mpaka wakili aone, kesi ya madai unaweza kuipeleka ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali.